Sita-Saba Ilipozimika Ngazi Tatu

Nyie akina mama wenye vijana wa kiume na pikipiki kuukuu uani, nisikilizeni. Sitaki mnionee huruma. Naandika kwa sababu najua sasa hivi, mahali fulani, kuna kijana amelala chali chini ya pikipiki ya baba yake, mkononi ana spana, na mama yake yuko jikoni anafurahi kwamba mtoto ametulia nyumbani, halewi wala hachezi kamari. Mimi nilifurahi hivyo hivyo.

Pikipiki yetu ni ile ya zamani ambayo huku milimani kila mtu anaiita Sita-Saba, kwa mwaka wake wa kuzaliwa. Baba Khiêm, mume wangu, aliinunua ikiwa imeshazeeka. Akaivua mapambo yote, akaichomelea chuma cha kubebea magunia nyuma, na wakati wa matope akaifunga minyororo kwenye gurudumu. Ndiye punda wetu. Shamba letu la kahawa liko chini bondeni, ng'ambo ya kijito, na nyumba iko juu kando ya lami. Katikati kuna mlima. Tunauita Ngazi Tatu, kwa sababu unapanda, unapata tambarare kidogo ya kupumulia, unapanda tena, unapumua tena, halafu ngazi ya tatu haina cha kupumua, ni ukuta. Buni zote za bonde lile hupandishwa pale kwa pikipiki. Gari haliwezi.

Injini ya zamani ilikuwa imechoka. Gunia moja tu, na bado lazima mtu asukume kwa nyuma huku anameza moshi. Ndipo Khiêm, mwanangu wa kwanza, akapata injini nyingine. Pikipiki mpya ya kijana wa mjini iligongwa na lori, ikakunjika yote, injini ikabaki nzima. Ilikuwa ya kizazi kipya, ile isiyo na kabureta. Mafuta yanapulizwa ndani kwa umeme, na ina kikompyuta chake cha kuamua yapulizwe kiasi gani. Khiêm aliileta nyumbani imefungwa ndani ya gunia la mbolea, akaiweka kwenye meza ya chakula, akaipangusa kwa fulana yake.

Baba yake hakupenda. Alisema fremu ile ni ya mzee, utaitiaje moyo wa kijana.

"Baba, mzee akipata moyo wa kijana anaoa mke wa pili," Khiêm akamjibu.

Tukacheka wote, hata baba Khiêm, na Nhạn, mdogo wake Khiêm, akacheka mpaka wali ukamtoka puani. Kile kicheko ndicho kilichomaliza mjadala. Hakuna aliyeuliza tena.

Kazi ilifanyika kwa fundi Tấn, njia panda. Tấn ni fundi mzuri, nasema hivyo mpaka leo. Pikipiki za bonde zima zimepita mikononi mwake. Alikata vishikizo vya injini ya zamani, akachomelea vipya, akanyoosha mstari wa mnyororo mpaka ukakaa kama uzi wa cherehani. Lakini injini za kabureta ndizo alizokulia. Hii ya umeme ilikuwa ya kwanza kwake, naye aliona haya kusema. Nilikwenda kuwapelekea chakula nikakuta nyaya zimemwagika sakafuni kama utumbo wa kuku. Kwenye pikipiki mpya kila kitu kilikuwa na mahali pake ndani ya plastiki, na Sita-Saba haina plastiki, ni mifupa mitupu. Basi walikuwa wanafunga vitu popote vinapotosha. Hiki chini ya tenki, kile ubavuni.

Kulikuwa na kidude kimoja cheusi, kama kiberiti. Khiêm aliuliza hiki ni cha nini. Tấn akasema hajui, ila kikichomolewa injini haiwaki, kwa hiyo kiache. Akakilaza chini ya kiti, akakifunga kwa vikamba vya plastiki, kimeangalia pembeni, maana ndivyo kilivyotosha.

Halafu swichi ya ufunguo. Ya zamani ilishakufa siku nyingi na ya mpya ilikuwa imevunjika katika ajali. Tấn akaunganisha nyaya moja kwa moja, umeme ukawa unapita wakati wote. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Nusu ya pikipiki za shambani hazina ufunguo, unapiga kiki unaondoka, unataka kuzima unaibania kwenye gia na breki. Nani ataiba pikipiki ya shamba? Jioni tu, ili betri isiishe, Khiêm alikuwa anachomoa waya wa betri, na asubuhi anaurudisha. Hilo la waya lishikeni, nitalirudia.

Siku ya kwanza alipanda Ngazi Tatu na magunia mawili kwa mara moja, tena anapiga mluzi. Injini haikupiga kelele, ilinguruma chini chini kama paka aliyeshiba. Wachumaji waliacha kazi wakasimama kutazama. Jirani yetu mzee Sáu, ambaye pikipiki yake inakohoa kuliko yeye mwenyewe, alisema huyo Khiêm ameiba nyati akamvalisha ngozi ya mbuzi. Vijana wakaanza kuja uani kwetu kuuliza injini kama hiyo inapatikana wapi. Nhạn alikuwa anawaambia kaka yake anatoza kiingilio.

Mavuno yalipopamba moto, ikazimika.

Ilikuwa ngazi ya tatu, juu kabisa, magunia yamejaa nyuma, gurudumu la mbele linataka kuinuka. Haikukohoa, haikutetemeka. Ilikata tu kama mtu aliyezibwa mdomo. Khiêm akapiga kiki mpaka unyayo ukavimba. Wakateremsha mzigo, wakaisukuma mpaka nyumbani. Wakaangalia plagi, safi. Petroli ipo. Jioni akachomoa waya wa betri kama kawaida, akalala na hasira.

Mzee Sáu akaja kunywa chai, akasema mnasumbuka bure, pale mahali pana mwenyewe. Zamani za kukata magogo kuna mtu alibinukiwa na gogo ngazi ya tatu, alikuwa ametoka mbali, hana ndugu wa kumfukizia ubani. Roho zenye njaa kama hizo hushika magurudumu. Kila mtu alikubali, na mimi nilikubali. Kwetu pikipiki hufanyiwa sadaka kama mtu wa nyumbani. Tarehe mbili na tarehe kumi na sita za mwezi mwandamo unaitoa uani, unaiwekea matunda na ubani mbele ya taa, unawapa na wale wa barabarani wasio na kwao. Tangu injini mpya ifungwe tulikuwa tumeshikwa na mavuno, hatukuifanyia.

Basi asubuhi nikapanda na uji mwepesi, chumvi, mchele, biskuti na pipi, nikawasha ubani ngazi ya tatu, nikachoma pesa bandia za karatasi, zile za kuwapa wafu, nikatupa mchele na chumvi njiani. Niliporudi, Khiêm akarudisha waya wa betri, akagusa kiki. Ikawaka kabla mguu haujafika chini.

Mnaona? Mtu gani asingeamini? Ikazimika mara ya pili, baada ya siku kadhaa, pale pale. Nikapeleka sadaka, asubuhi ikawaka papo hapo. Kuanzia hapo Khiêm akawa na desturi yake. Akifika tambarare ya pili anasimama, anawasha sigara, anavuta mara moja, anaichomeka kwenye udongo kwa ajili ya yule marehemu, ndipo anapanda. Na akawa anapunguza mzigo kidogo, kwa heshima. Haikuzimika tena. Tukajua tumepatana naye.

Ilikuwa Jumapili Nhạn hana shule. Tulikuwa sisi watatu bondeni, baba Khiêm amebaki juu kuanika buni uani kwa sababu mgongo wake hauinami. Jua zuri. Tulikuwa mistari ya mwisho karibu na kijito, ambako magugu yalituzidi mwaka huu. Nhạn ndiye anayevuta turubai chini ya mibuni, maana ni mwembamba, anapenya. Nilimsikia anaimba kitu chake cha shuleni. Halafu nikasikia ameacha.

Kiota kilikuwa chini, ndani ya matawi ya mbuni, kikubwa kama kichwa cha ndama. Manyigu wale wakubwa, wenye kiuno cha njano. Turubai ilikikwaruza.

Sitaeleza yote. Alikimbilia kijitoni nao wako kichwani kwake. Khiêm alimrukia na turubai akamfunika, wakamuuma na yeye mikononi, mimi nikawasha majani mabichi kwa moshi. Walipopungua tukamtoa. Kichwani, shingoni, mgongoni, hata ndani ya sikio. Nikampaka mafuta ya kijani ya kuchulia tuliyokuwa nayo kwenye kikapu, nikamaliza chupa. Alikuwa bado anaongea. Alisema, mama, inawaka moto, lakini siyo sana. Mtoto anadanganya ili mama yake asilie. Halafu akatapika, na sauti yake ikawa nene kama ya mtu mzima, na macho yakaanza kuzibika.

Bondeni simu haishiki. Khiêm akampakia katikati, mimi nikakaa nyuma kwenye chuma cha magunia nikawashika wote wawili. Tuliondoka kama upepo. Ngazi ya kwanza hata sikuiona. Tambarare ya pili hakusimama kuwasha sigara, na mimi niliona kwamba hakusimama.

Tukaingia ngazi ya tatu. Mimi nyuma kabisa, uzito wote umeshuka kwangu, gurudumu la mbele linagusa na kuachia. Tulikuwa tumebakiza kama urefu wa uwanja wa mpira kufika juu, naona paa la nyumba ya kwanza.

Ikakata.

Khiêm akashika breki, mimi nikaweka miguu chini. Akapiga kiki. Akapiga tena. Nikamwambia washa mwanangu, akasema nawasha mama. Nhạn amemlalia mgongoni, mdomo umevimba, akauliza kwa ile sauti nene.

"Mbona tumesimama?"

"Inawaka sasa hivi, Nhạn," Khiêm akasema. "Sasa hivi."

Mtaniuliza kwa nini hatukumbeba tukapanda kwa miguu saa ile ile. Daktari aliniuliza. Baba Khiêm aliniuliza. Nami nawaambia, kwa sababu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu: pikipiki mbovu unaiacha njiani bila kufikiri. Pikipiki nzuri iliyogoma huiachi. Asubuhi ile ile ilikuwa imewaka kwa kiki moja. Unaamini kiki inayofuata. Kila kiki ni ile ya mwisho, ukishuka sasa hivi itawaka na wewe utakuwa umempotezea mtoto muda. Injini ya zamani tungeshaitupa mtaroni.

Basi Khiêm akapiga kiki, akasimama, akafungua tenki akachungulia, akafunga, akapiga. Akachomoa waya wa plagi akaurudisha. Jasho linamdondoka, mikono imevimba kwa miiba ya manyigu mpaka vidole havikunjiki. Halafu akaniangalia, akasema sikumpa sigara, mama. Akatafuta pakiti, akawasha, moto ukamchoma vidole, akaichomeka kwenye udongo. Na mimi nikapiga magoti njiani. Nilimwomba yule mtu wa magogo kwa jina la mama yake ambaye simjui. Nikamwahidi kuku, nikamwahidi nguruwe. Nikamwambia kama ni mimi niliyekosea kiasi cha mchele, chukua hata shamba, mwachie mtoto apite. Sigara ikateketea mpaka mwisho. Khiêm akapiga kiki.

Nhạn alikuwa ameacha kuuliza.

Waliotuokoa ni wachumaji wa shamba la pili, watu wa kabila la Wakơho wa kijiji cha chini, waliokuwa wanapanda kwenda kula. Mkubwa wao anaitwa K'Brèo. Hakuuliza pikipiki ina nini. Alimwangalia mtoto usoni mara moja tu.

"Mama Khiêm, acheni hicho chuma," akasema. "Nipeni mtoto."

"Inawaka sasa hivi, kaka," Khiêm akamwambia. "Subiri kidogo tu, inawaka."

"Ikiwaka utatukuta juu."

Akatoa kitanda chake cha kamba kikapuni, kile cha kuning'iniza mitini na kulalia mchana, wakakata mwanzi, wakakifunga, wakamlaza Nhạn, wakaweka mwanzi mabegani. Walipanda ukuta ule wakikimbia, wakipokezana bila kusimama. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika mguu wa mtoto. Na kule chini nilisikia kiki. Kah. Kah. Kah. Tulifika juu bado naisikia. Ndipo ikanyamaza, na muda si muda Khiêm akatokea mbio, mguu mmoja hauna kiatu.

Baba Khiêm alikuwa anageuza buni kwa reki. Alipoona mwanzi unakuja aliitupa reki, akatukimbilia na mgongo wake ule ule. Gari la mnunuzi wa kahawa likatupeleka hospitali ya wilaya, wakamtundikia maji, wakampa sindano, wakatupeleka mkoani, na mkoani wakatupeleka Sài Gòn, kwa sababu mkojo ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa, halafu haukutoka kabisa. Sumu ya manyigu, walinieleza, inayeyusha nyama na damu, na takataka zake huziba figo. Ukiwahi kutiwa maji mengi, zinasafishwa kabla hazijaganda. Daktari kijana, mpole, aliuliza aliumwa saa ngapi, na mliondoka bondeni saa ngapi, na mlifika barabarani saa ngapi. Nikamjibu. Kalamu yake ikasimama kidogo, halafu akaendelea kuandika.

Wakamfunga kwenye mashine ya kuosha damu. Walisema mambo mawili yanawezekana. Figo za watoto mara nyingine huamka zenyewe baada ya siku nyingi. Mara nyingine haziamki, na mtu anaoshwa damu maisha yake yote. Hakuna dawa ya kuziamsha. Unangoja mkojo.

Nikiwa nangoja huko, baba Khiêm alirudi nyumbani kumalizia mavuno, akaikuta Sita-Saba uani, walioisukuma wameiegemeza ukutani. Alinisimulia kwa simu. Alisema aliichukia mpaka akaipiga teke, halafu akachomoa waya wa betri ili aitie shoka injini bila kupigwa na umeme. Shoka lilikuwa kwa mzee Sáu. Alipolipata na kurudi, alitaka kujua jambo moja tu kabla hajaivunja. Akarudisha waya, akagusa kiki. Ikawaka hapo hapo.

Aliniambia alikaa chini, akalia mbele yake huku inanguruma.

Ndipo Tấn akaitwa. Safari hii hakuona haya. Akampigia simu mwenzake wa mjini anayetengeneza pikipiki mpya, akamweleza kila kitu, mpaka kile kidude cheusi. Yule akamwuliza umekifunga kimeangalia wapi. Tấn akamwambia. Halafu yule akasema, inua gurudumu la mbele injini ikiwa inawaka. Wakamwita mzee Sáu, wakainua. Ikakata.

Kile kidude ni cha kulinda mtu. Kwenye pikipiki mpya, ikianguka ubavu, kinazima injini ili gurudumu lisimsage dereva. Kinajua juu na chini kwa vile kilivyofungwa. Tấn alikuwa amekigeuza pembeni, kwa hiyo kupanda mlima na mzigo nyuma, kwake yeye, kulikuwa ni kuanguka; Khiêm alipopunguza mzigo, gurudumu la mbele halikuinuka, nacho kikatulia. Na kikishazima, hakiruhusu tena, hata upige kiki mpaka mguu ukatike, mpaka umeme ukatwe na kurudishwa. Kuzima na kuwasha. Ufunguo tu, mwenye ufunguo angeuzungusha akaendelea na safari. Na sisi ufunguo tuliutupa. Kumbe kila asubuhi kilichoiponya ni waya wa betri uliochomolewa jioni. Yule marehemu wa magogo hakuwa na kosa lolote, na pipi zangu alikula bure.

Kwa hiyo sisemi msiruhusu. Mkisema usifunge, watafunga kwa siri, vijana nawajua. Nasema hivi: mtoto akileta injini mpya, umwulize kila kidude ni cha nini, na akisema sijui ila kisipokuwepo haiwaki, basi pikipiki hiyo haitoki uani mpaka apatikane anayejua. Umwulize ufunguo uko wapi. Na ikizimika mahali pamoja mara mbili, toeni sadaka, sikatazi, mimi bado natoa, lakini siku hiyo hiyo ipelekeni na kwa fundi mwingine. Na mtoto akiwa mgonjwa na chuma kimegoma, piga kiki moja, ikikataa, mbebe. Usingoje ya pili.

Siku za hospitali hazina mwisho. Tunalala kwenye mikeka ukumbini, asubuhi tunapanga foleni ya uji wa watu wa sadaka, tunauliziana, wa kwako amekojoa? Wa kwangu bado. Khiêm alikuja na basi, lakini hakuingia wodini. Alikaa getini na waendesha pikipiki za abiria. Usiku alilala huko huko. Nikimpelekea chakula ananiuliza anaendeleaje, nikisema njoo umwone, anasema kesho. Amekonda. Mikono imepona lakini bado anaishika kama vile imevimba.

Nhạn uvimbe ulipopungua macho yakafunguka. Yeye ndiye aliyemwona kaka yake chini, kupitia dirishani. Hakuniambia mpaka walipomtoa mrija wa kooni.

"Mama, mwambie yule mtu wa getini apande," akasema. "Watu watadhani ni mwizi."

Nikashuka nikamwambia Khiêm maneno yale yale. Akapanda nyuma yangu ngazi kwa ngazi, akasimama mlangoni mwa wodi amevua kofia, kama mtu anayeingia ofisi ya serikali. Nhạn akamtazama, akamwambia amekuwa mbaya, na hakika hakuna msichana atakayemtaka. Khiêm akajaribu kucheka, kikatoka kitu kingine, akageukia ukuta.

"Acha hayo kwanza," Nhạn akamwambia. "Nibebe. Mama hana nguvu. Nataka kwenda chooni."

Nikamwambia Nhạn, mwanangu, ni mazoea tu ya mwili, hakuna mkojo, jana pia ulisema hivyo. Akasema jana ilikuwa mazoea, leo inauma. Khiêm akainama. Akampandisha mgongoni, mwepesi kama kikapu kitupu, wakapita katikati ya mikeka, watu wanakunja miguu kuwapisha. Akamweka ndani, akatoka, akafunga mlango, akasimama na mimi. Mwanamke mmoja wa mkeka wa jirani akazima redio yake bila kuambiwa.

Tukasubiri. Khiêm ameegemeza paji la uso mlangoni. Nilikuwa nasikia feni, na gurudumu la kitanda mbali huko, na hakuna kingine. Nikataka kumwambia Nhạn atoke, asijichoshe.

Halafu likaja tone. Likanyamaza, muda mrefu, nikadhani ndilo hilo tu. Likaja lingine. Halafu mengine yakafuatana, machache, yanaanguka kwenye chupa ya plastiki waliyompa ya kupimia, tiki, tiki, tiki, na Khiêm akanishika mkono mpaka mifupa ikaniuma, akanong'ona, mama usiseme kitu, usiseme kitu, mwache kwanza aendelee.